Kazi za Uwanja wa Nyasi Kabla ya Kiangazi

Mazungumzo ya monita wa kilimo na wenyeji wa mtaa wa Lumumba, Bunia, pamoja na wageni waliotoka vijiji vya machimbo

  

Mimi ni kijana mbele ya wengi wenu. Sikuja kuwafundisha kulima muhogo wala maharagwe, kwa kuwa kazi hiyo mliijua kabla sijazaliwa. Nimekuja kusema neno juu ya kitu ambacho kila mtu hukikanyaga wala hakiangalii. Kitu hicho ni nyasi za uwanja.

Najua mtu mmoja atacheka na kusema, “Nyasi! Nani hupanda nyasi? Nyasi huota zenyewe, nasi hushinda tukizing'oa.” Ni kweli, porini huota zenyewe. Lakini pahali panapokanyagwa na miguu mingi kila siku, kama uwanja wa mpira, au kiwanja cha shule, au pahali pa kukutania watu, nyasi haziwezi kujiponya peke yake. Hapo zinataka mwenyeji wa kuzitunza. Na wakati wa kuzitunza si kiangazi, zinapokwisha kukauka. Wakati wake ni sasa, mvua ingali inanyesha. Neno hili ndilo kichwa cha mazungumzo yetu.

Hasara ya uwanja mtupu

Kumbukeni uwanja wa mpira ulivyo mwezi wa Februari. Mbele ya magoli yote mawili ni udongo mtupu, mgumu kama sakafu. Katikati ni hivyo hivyo. Upepo ukivuma, vumbi huingia machoni na vifuani mwa watoto. Hiyo ni hasara ya kwanza.

Halafu mvua hurudi. Matone yanapiga udongo mtupu. Udongo umekandamizwa, hauna matundu, basi maji hayawezi kuingia ndani. Hukimbia juu yake, nayo hayakimbii mikono mitupu, huchukua udongo. Yakifika ukingo wa uwanja, pale penye mteremko, huanza kuchimba. Mwaka wa kwanza ni mfereji mdogo, mtoto huuruka kwa mchezo. Mwaka wa pili unafika magotini. Ukiachwa miaka kadhaa huwa korongo, nalo hupanda polepole kuelekea nyumba ya mtu. Hii ndiyo erozyo, yaani mmomonyoko wa udongo. Mwenye nyumba hulaumu mvua. Lakini mvua haina hatia. Mvua ile ile ikiangukia nyasi, jani hupokea pigo la tone, na mizizi hufungua njia ya maji kuingia chini.

Hasara ya tatu ni hii: uwanja uliokufa huonekana kama hauna mwenyewe. Huyu anakuja kuchimba udongo wa matofali. Yule anakuja na kamba kupima parsele. Kule kwenu machimboni mwingine anakuja na jembe na karai kutafuta dhahabu. Kila mmoja husema, “Si ni pahali patupu tu?” Lakini uwanja wenye nyasi zilizokatwa vema, wenye mifereji safi, husema wenyewe ya kwamba una watu wake.

Nanyi mwajua ya kuwa uwanja si mchezo tu. Katika vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 Bunia iliona machozi mengi, na watu walikimbiana kwa ajili ya kabila. Uwanjani watoto wa makabila mbali mbali hukimbilia mpira mmoja. Pahali pa namna hii pakiharibika, tumepoteza zaidi ya nyasi.

Watu wanaojua kazi hii

Sasa nitawaambia habari ya watu wanaojua kutunza nyasi kuliko wakulima wote. Hao ni watunzaji wa viwanja vya golfu.

Golfu ni mchezo wa kupiga kwa fimbo mpira mdogo mgumu, usiofikia ukubwa wa yai la kuku, mpaka uingie katika shimo lenye upana wa karibu sentimita 11. Uwanja mzima una mashimo 18. Kuzunguka kila shimo nyasi hukatwa fupi mno, mara nyingi milimita 3 hadi 5 tu, zikawa kama mkeka. Mchezo huu ulikuja Afrika ya Mashariki pamoja na Waingereza. Kule Entebbe, katika Uganda, chama cha golfu kilianza mwaka 1901, na kule Nairobi mwaka 1906. Kinshasa pia kuna uwanja wa golfu. Katika nchi kavu za Afrika, ambako nyasi fupi hazikuweza kudumu, zamani watu walizungusha mashimo kwa mchanga uliochanganywa na mafuta, mpira upate kuviringika.

Siwaelezi mambo ya golfu ili mkanunue fimbo zake. Nawaeleza kwa ajili ya wale wanaoamka kabla ya jua, wenye reki na ndoo ya mchanga. Kazi yao ina shida moja na yetu: nyasi zao hukanyagwa kila siku, wala haziruhusiwi kufa.

Mmoja wa watunzaji wa zamani alikuwa Tom Morris wa St Andrews, katika Scotland, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufa mwaka 1908. Husimuliwa ya kwamba siku moja mchanga ulimwagika juu ya nyasi zake kwa bahati mbaya. Wengine wangaliufagia na kugomba. Yeye aliangalia, akaona ya kuwa baada ya siku kadhaa nyasi za pahali pale zilikuwa nzuri kupita za pembeni. Toka hapo mchanga ukawa dawa yake kuu. Na mpaka leo uwanja ule wa kale wa St Andrews hauchezwi siku ya Jumapili, isipokuwa kwa mashindano makubwa machache. Siku hiyo uwanja wenyewe hupumzika. Angalieni neno hilo: hata nyasi zinataka siku ya kupumzika.

Majira yao na majira yetu

Kule kwao, mwezi wa Septemba, Oktoba na Novemba ni majira ya kupukutika majani ya miti. Baada yake huja baridi kali. Udongo ukishapoa sana nyasi husimama, haziongezeki tena. Kwa hiyo watunzaji hufanya haraka kabla ya baridi. Huokota majani ya miti yasizibe nyasi. Hutoboa udongo. Hutia mchanga. Hupanda viraka vilivyo wazi. Hupunguza mbolea ya kukuza majani. Huacha nyasi ndefu kidogo kuliko zamani. Husafisha mifereji. Na kule St Andrews, katika miezi ya baridi, wamekuwa na desturi ya kumtaka mchezaji aweke kipande kidogo cha mkeka chini ya mpira wake kabla ya kuupiga, fimbo isichimbe nyasi zisizoweza kujiponya.

Sisi hatuna baridi ile. Bunia iko juu, mita 1,200 na zaidi, usiku twatafuta blanketi, lakini nyasi zetu hazisimamishwi na baridi. Zinasimamishwa na kiu. Mvua zetu huwa nyingi toka Agosti mpaka Novemba, kisha hupungua, na toka Desemba mpaka Februari jua hutawala. Basi adui wao ni baridi, adui wetu ni jua, lakini akili ni moja. Mtu hujiwekea akiba kabla ya njaa. Nyasi vile vile huweka akiba yake mizizini kabla ya kiangazi. Ukizisaidia kuiweka, zitavuka. Ukingoja zikauke ndipo ulete maji kwa ndoo, umechelewa.

Kwa hiyo nitawaeleza kazi saba. Zishikeni kwa mpango wake.

Kazi ya kwanza: mifereji

Anzeni mwanzo wa Septemba. Mvua ikinyesha, usikimbilie ndani. Simama chini ya paa, uangalie maji ya uwanjani yanapita wapi, yanasimama wapi. Jioni tia vijiti pahali hapo. Vijiti hivyo ndivyo vitakavyokuongoza.

Chimbeni mfereji upande wa juu wa uwanja, ukinge maji ya mteremko yasiingie. Mfereji ufuate ubavu wa kilima, uteremke kidogo kidogo tu, usishuke moja kwa moja. Maji yanayotembea hayadhuru, maji yanayokimbia ndiyo yanayochimba. Udongo wa mfereji utupwe upande wa chini, juu yake mpande matete kwa mstari. Matete yatashika udongo, nayo mbuzi na ng'ombe watayala. Mfereji wa zamani usafishwe, takataka zitolewe. Mfereji ulioziba ni mbaya kuliko kukosa mfereji, kwa sababu maji hukusanyika na kupasuka pahali pamoja.

Kazi ya pili: kutoboa udongo

Mbele ya goli udongo umekandamizwa na viatu. Mizizi haipati hewa wala maji. Watunzaji wa golfu wana mashine zenye misumari mitupu ndani, zinazotoa vipande vya udongo kama vidole. Sisi tutatumia uma ya bustani. Asiye na uma afanye chombo hiki: mti wa mpini, na chini yake mti mfupi wa kukingama wenye vipande vitatu vya nondo ya kujengea, kila kimoja kitokeze sentimita 12. Mhunzi wa kijiji atakifanya kwa saa moja.

Choma chini kadiri ya sentimita 10, tikisa kidogo, chomoa, rudi nyuma hatua ndogo ya sentimita 15, choma tena. Fanyeni kazi hii siku ya pili baada ya mvua, udongo ukiwa laini lakini haushiki miguu. Udongo wenye matope usitobolewe, utaharibika zaidi.

Msiseme uwanja ni mkubwa mno. Msitoboe uwanja wote. Toboeni pale palipokufa: mita 60 za mraba mbele ya kila goli, na mita 80 katikati. Jumla ni mita 200 za mraba. Watu kumi wakipokezana watamaliza kwa asubuhi mbili.

Kazi ya tatu: mchanga

Baada ya kutoboa, mara moja tieni mchanga. Mchanga huingia katika matundu, huyazuia yasifunge tena, nao husawazisha mashimo madogo. Uenezwe mwembamba, milimita 5, usizidi, ncha za nyasi zionekane. Ukizika nyasi zitakufa. Kisha sukuma kwa ufagio wa fito mpaka mchanga uingie chini.

Tufanye hesabu. Uwanja wa mita 100 kwa 60 ni mita 6,000 za mraba. Kuutia wote mchanga wa milimita 3 ni mita 18 za ujazo, yaani toroli 300 za lita 60. Kazi hiyo itawashinda. Lakini zile mita 200 zilizokufa, kwa milimita 5, zataka mita moja tu ya ujazo. Hiyo ni toroli 17. Mtaa mmoja hauwezi kushindwa na toroli 17.

Sasa ninyi wa machimbo, sikilizeni vema. Kwenu mchanga ni mwingi, uko malundo malundo pale mnaposafishia dhahabu. Mtu atasema, “Tumepata mchanga wa bure.” Msiuchukue! Pale watu walipotumia zebaki kushika dhahabu, zebaki imebaki mchangani. Haionekani, haina harufu inayokuonya, nayo ni sumu ya mishipa ya fahamu na ya figo, hasa kwa watoto na kwa mtoto aliye tumboni mwa mama. Kumwaga mchanga ule pahali ambapo watoto huanguka na kujipaka mikono na midomo ni kuwaletea ugonjwa kwa toroli. Chukueni mchanga wa mto uliotoka juu ya machimbo, si wa chini yake. Mkiwa na shaka juu ya mchanga, uacheni.

Kazi ya nne: kupanda viraka

Udongo ukiwa umetobolewa na kutiwa mchanga, pandeni. Kazi hii iishe kabla ya mwisho wa Oktoba. Mche unataka majuma sita ya mvua ili mizizi ishuke. Ukipanda mwisho wa Novemba, unapandia jua.

Nyasi ziko za namna nyingi, kila moja na pahali pake. Ukoka hutambaa na kujiponya haraka, unafaa mbele ya goli na katikati. Paspalumu, zile mnazoziona penye nyumba nyingi za Bunia, zina mizizi mirefu ishukayo sana, zinafaa ukingoni na penye mteremko. Nyasi ziitwazo kikuyu asili yake ni milima ya Afrika ya Mashariki, nazo hupenda vijiji vya juu penye baridi.

Kata vipande vya ukoka vyenye vifundo vitatu. Vifundo viwili viingie udongoni, kimoja kibaki juu. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 15, ndiyo vipande 45 kwa mita moja ya mraba. Kanyaga pembeni kwa mguu, udongo ushikamane nacho. Vipande vilivyokatwa asubuhi vipandwe siku ile ile, vikilala juani vimekufa. Na vinavyobaki msivitupe mashambani mwenu. Ukoka ni rafiki uwanjani, lakini katika shamba la maharagwe ni mwizi.

Magugu yenye miiba mng'oe kwa mzizi wakati huu, kabla hayajatoa mbegu. Gugu moja likitoa mbegu, mwaka ujao mtakuwa na kazi ya magugu mia.

Kazi ya tano: kulisha

Samadi ya ng'ombe iliyooza vema, isiyonuka tena, ichekechwe. Ndoo moja ya lita 10 kwa kila mita 5 za mraba. Kwa mita 200 ni ndoo 40. Samadi mbichi ikataliwe, huunguza nyasi na kuleta mbegu za magugu.

Mara ya mwisho ya kutia samadi ni mwisho wa Oktoba. Kwa nini? Kwa sababu samadi huamsha majani mengi, mateka na laini. Majani ya namna hiyo yakikutana na jua la Desemba hukauka upesi, na akiba ya mzizi imekwisha kutumika bure. Ndiyo maana watunzaji wa golfu hupunguza chakula cha majani kabla ya baridi, na wengi wao huongeza potasi, inayosaidia mmea kuvumilia shida. Sisi hatuna haja ya kuinunua. Iko jikoni. Ni majivu ya kuni. Tieni konzi moja ya majivu kwa mita moja ya mraba, mara moja tu, siku isiyo na upepo. Msizidishe. Majivu ya plastiki na ya takataka zilizochomwa yasitumiwe.

Kazi ya sita: kukata

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huona nyasi zimekuwa ndefu, huchukua kupekupe na kufyeka mpaka udongo uonekane, kisha husema, “Sasa pamekuwa safi.” Hapana, ndugu yangu. Umezivua nguo siku ya jua. Jani ndilo jiko la mmea, ndiko chakula cha mzizi kinakopikwa. Ukilibomoa jiko lote, mzizi utalala na njaa, nao utafupika.

Sheria ya watunzaji ni hii: usikate zaidi ya fungu moja katika mafungu matatu. Nyasi zikiwa na sentimita 9, zikate zibaki 6. Wakati wa mvua uwanja wa mpira waweza kukatwa ubaki na sentimita 4 au 5. Toka katikati ya Novemba inueni, zibaki 6 au 7. Jani refu huweka kivuli juu ya udongo wake, na mzizi wake hushuka kutafuta maji. Kateni mara nyingi kidogo kidogo, si mara moja kwa hasira. Majani mafupi yaliyokatwa yaacheni pale pale yaoze, ni mbolea. Lakini majani ya miembe na ya miti mingine yanayoanguka, yaokoteni. Yakirundikana juu ya nyasi huzinyima mwanga, nazo huoza.

Kazi ya saba: kupumzisha na kulinda

Kiangazi kikianza, msicheze mbele ya magoli yale yale kila siku. Hamisheni magoli. Kama miti yake imechimbiwa, fanyeni magoli madogo ya fito, watoto wacheze kwa kukingama uwanja, upande huu juma moja, upande ule juma jingine. Sehemu zilizopandwa zizungushieni kamba na vijiti mpaka zishike. Na siku moja kila juma uwanja wote upumzike. Chagueni wenyewe siku hiyo, nayo iheshimiwe.

Mwisho wa Novemba limeni njia ya moto upande wa porini, upana wa mita 3 au zaidi, msiache kitu cha kuungua. Asiwepo mtu wa kuchoma nyasi za uwanja eti zichipuke upya. Zitachipuka kweli, lakini kwa kula akiba yake ya mwisho, na mvua ya kwanza itakuta udongo uchi.

Ng'ombe na mbuzi wana faida, maana zamani kule Scotland kondoo ndio waliokuwa wakikata nyasi za golfu. Lakini wasiingie udongo ukiwa na matope, kwato hutoboa mashimo. Wala wasiachwe wakae siku nzima kiangazini. Waingie kwa saa, watoke kwa saa, na mchungaji awe mtu mzima.

Mashimo ya machimboni

Ninyi wa Kilo na Mongbwalu mtauliza, “Sisi tuna viwanja vichache, lakini mashimo ni mengi. Maneno haya yatufae nini?” Yatawafaa sana, kwa kuwa nyasi zinazoshika uwanja ndizo zinazofunga kidonda cha ardhi.

Shimo lililokwisha kazi lisiachwe wazi. Mtoto huanguka, mbu huzaliana. Wakati wa kuchimba, udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande wake. Wakati wa kufukia, mawe na udongo mwekundu vitangulie chini, udongo mweusi uje mwisho juu. Mkichanganya, mtapata ardhi isiyoota hata gugu. Kisha inueni kidogo katikati, kwa kuwa udongo utashuka, mpande paspalumu mvua ingali ipo, na mistari ya matete kukinga mteremko. Lakini pahali palipotumiwa zebaki msipande chakula, wala msichungie mifugo.

Majibu kwa wanaokataa

Mtu mmoja husema, “Kazi hii ni ya Serikali.” Ndugu, Serikali haikanyagi mbele ya goli lenu. Mnayo desturi ya salongo siku ya Jumamosi. Shefu wa mtaa akitoa Jumamosi nne kwa uwanja, mbili za Septemba na mbili za Oktoba, na kila nyumba ikatoa mtu mmoja, kazi kubwa imekwisha. Kinachobaki ni kukata nyasi na kuzilinda.

Mwingine husema, “Mimi ni mchimba dhahabu, sina nafasi ya nyasi.” Huyo nitamjibu kwa heshima. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903. Mwaka 1926 ikawako kampuni ya Kilo-Moto, na mwaka 1966 ikaja OKIMO. Wamechimba wageni, wamechimba wenyeji, zaidi ya miaka mia moja. Dhahabu ikitoka ardhini hairudi tena. Huenda mbali, wala hatujui imevaliwa na nani. Udongo ndio uliobaki hapa, nao ndio tutakaowaachia watoto. Nyasi ni kifuniko cha mali hiyo.

Wa tatu husema, “Nitaanza mwaka ujao.” Huyo hana jibu kwangu, jibu lake liko katika mithali ya wazee: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo ni toroli 17 za mchanga. Miaka michache ijayo itakuwa korongo, na korongo halizibwi na mtaa mmoja.

Maneno ya kukumbuka

Asiyeshika yote ashike haya.

Mwanzo wa Septemba: tazama maji, safisha mifereji.
Mwisho wa Septemba: toboa udongo, tia mchanga safi.
Oktoba: panda viraka, ng'oa magugu, tia samadi ya mwisho na majivu.
Novemba: inua urefu wa kukata, lima njia ya moto.
Desemba mpaka Februari: hamisha magoli, pumzisha, linda moto na mifugo.
Mvua zikirudi: usikimbilie kucheza siku ya kwanza. Ngoja nyasi zishike, kisha mpigie mpira.

Kazi hizi si ngumu, wala hazitaki fedha nyingi. Zinataka watu wanaojua siku yake. Mwenye neno na aulize sasa. Na mwenye jembe lisilo na mpini, atengeneze mpini juma hili, maana mvua haitatungoja.